DNA ya samoni usoni: Dawa ya kidonda ilivyogeuzwa mafuta ya kujipaka

KAMA umekuwa TikTok hata dakika kumi mwaka huu, umeiona. Binti amelala kwa kiti cheupe, uso umejaa vinundu vidogo kama mtu aliyelala Kisumu bila neti. Daktari, au mtu aliyevaa koti la daktari, anamdunga tone baada ya tone. Halafu video inaruka hadi wiki tatu baadaye na ngozi imekuwa kioo, inang'aa hadi unaweza kuchana nywele ukijitazama kwake. Maandishi chini yanasema: DNA ya samoni. Ukishuka kwa maoni, nusu ya watu wanacheka kwa sababu wameambiwa DNA hiyo hutolewa kwenye shahawa za samaki. Nusu nyingine hawana wakati wa kucheka. Wanauliza, "Ni how much na mko wapi?"

Hao wa pili ndio ninaowaandikia leo.

Kim Kardashian alisema mwaka wa 2024, kwenye kipindi cha familia yake, kwamba naye amefanyiwa. Baada ya hapo hii kitu haikuhitaji tangazo lingine. Sasa hivi ukipita kwenye maduka ya urembo pale Dubois Road, usishangae kuona herufi nne zimeandikwa kubwa kwa chupa za seramu, barakoa za karatasi, hadi sabuni: PDRN. Ukimuuliza muuzaji ni nini, atakwambia ni ya Korea. Hilo si jibu, lakini linauza.

Wacha niseme msimamo wangu mapema ndio usisome hadi chini ukitafuta. PDRN si uongo. Ni dawa, tena dawa yenye historia ya maana kwenye vidonda visivyopona. Uongo umeingia sehemu mbili: kwa chupa unayojipaka, na kwa sindano inayodungwa kwenye sebule ya mtu. Na wakati sisi tunaambiana ni nani ameng'aa, watu ambao dawa hii ilitengenezewa wamekaa kwenye benchi za hospitali za kaunti, mguu umefungwa bandeji, wanangoja kuambiwa kama utakatwa.

Tuanze na usaha. Mwaka wa 1869 kijana mmoja Mswisi kwa jina Friedrich Miescher, umri wa miaka ishirini na kitu, rika letu kabisa, alikuwa akifanya kazi Tübingen, Ujerumani, ndani ya kasri la zamani ambalo jikoni yake ilikuwa imegeuzwa maabara. Kazi yake ilikuwa kuchunguza chembe nyeupe za damu. Atazipata wapi kwa wingi? Aliomba kliniki ya upasuaji iliyokuwa karibu impe bandeji zilizotoka kwa vidonda vya wagonjwa. Akaziosha, akakusanya usaha, na kutoka kwa ule usaha akatoa kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekiona, chenye fosforasi nyingi, akakiita nukleini. Ndiyo hiyo tunayoiita DNA leo. Baadaye alirudi kwao Basel, mji ulio kando ya mto Rhine, na mto huo wakati huo ulikuwa na samoni wengi. Akaachana na usaha, akaanza kutumia shahawa za samoni, maana aligundua zimejaa kitu kile kile.

Kwa hivyo kidonda, samoni na DNA vimejuana zaidi ya miaka 150. Korea imekuja juzi.

Sasa, kwa nini shahawa? Si ushamba wala uchawi. Seli ya kawaida ya mwili ni kama keja ya bachela: DNA iko hapo kwa kona, lakini kuna kitanda, meko, viatu, vyombo havijaoshwa. Mbegu ya kiume ya samaki ni kama boda anayepeleka mzigo mmoja tu. Ameacha kila kitu nyumbani, amebeba DNA. Ukitaka DNA nyingi na safi, huko ndiko utaenda. Kiwandani huchukua shahawa za samoni au za trauti, huzisafisha kwa joto kali, huondoa protini, kwa sababu mara nyingi ni protini ndizo huufanya mwili ukasirike, kisha DNA inayobaki hukatwakatwa kuwa vipande. Vipande hivyo ndivyo PDRN, kirefu chake polideoksiribonukleotidi. Ukiweza kulitamka neno hilo mara tatu kwa haraka nakununulia soda.

Na hapana, hutageuka samaki. Herufi nne zinazoandika DNA ni zile zile kwa samoni, kwa mahindi, kwa mende na kwako. Kila mara unapokula ugali na omena umekula DNA ya samaki na ya mahindi kwa sahani moja, na sijaona mtu wa Dunga Beach akiota mapezi. Vipande hivi haviingii ndani ya DNA yako kuibadilisha. Kinachotendeka ni kwamba vimeng'enya vya mwili huvivunja vipande vidogo zaidi, na kati ya vitu vinavyotoka humo kuna adenosini.

Hapa ndipo utamu wa sayansi yenyewe ulipo. Juu ya seli zetu kuna vipokezi, kama soketi za ukutani, na adenosini ina soketi zake. Moja inaitwa A2A. Adenosini ikiingia hapo, seli hupata ujumbe: punguzeni moto wa uvimbe, jengeni mishipa mipya ya damu, leteni wafanyakazi wa kolajeni. Vipande vingine vya DNA hiyo hutumiwa upya, kama mtu anayejenga kwa mawe ya nyumba iliyobomolewa badala ya kununua mapya, na hilo huokoa nguvu ya seli ambazo tayari zimechoka. (Kwa wale wa kahawa: kafeini hukuamsha kwa kukaa kwenye hizo hizo soketi za adenosini na kuzizuia. Kwa hivyo umewahi kucheza na mfumo huu, hata kama hujawahi kudungwa chochote.)

Mishipa mipya ya damu na uvimbe kupungua. Fikiria ni nani anahitaji vitu hivyo viwili kuliko mtu yeyote. Si binti wa miaka 23 ambaye ngozi yake bado inajitengeneza bila kusukumwa.

Ni mgonjwa wa kisukari. Sukari ikikaa juu kwa miaka, huharibu neva za miguu na kuziba mishipa midogo ya damu. Neva zikifa, mtu haoni uchungu. Kajiwe kanaingia kwa kiatu asubuhi, anatembea nako hadi jioni, hajui. Akivua soksi anakuta damu. Kwa kuwa damu haifiki vizuri, kidonda hakifungi, vijidudu vinaingia, wiki zinakuwa miezi, na siku moja daktari anatoa ile karatasi ya kutia sahihi. Mama aliyekuwa akiniuzia sukuma kwa ploti yetu alianza hivyo, na kiatu kipya cha plastiki kilichombana kidole. Siku hizi ni bintiye anayeniuzia. Mama amekaa ndani.

Waitaliano ndio wameishughulikia PDRN kama dawa ya vidonda kwa miaka mingi. Kampuni ya Mastelli ya Sanremo hutengeneza ya sindano inayoitwa Placentex. Mwaka wa 2014 watafiti wakiongozwa na Francesco Squadrito wa Chuo Kikuu cha Messina walichapisha matokeo ya jaribio la wagonjwa 216 wenye vidonda sugu vya miguu vya kisukari. Waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapewa PDRN, wengine sindano isiyo na dawa, na mgonjwa hakujua amepewa ipi. Sindano zilidungwa kwenye msuli na kuzunguka kidonda, kwa wiki nane. Waliopona kabisa katika kundi lisilo na dawa walikuwa karibu 19 kati ya kila 100. Katika kundi la PDRN walikuwa karibu 37.

Soma hizo namba tena. Karibu mara mbili. Lakini pia soma upande wa pili: zaidi ya 60 kati ya 100 waliopewa dawa hawakuwa wamefunga kidonda wiki ya nane. Hii si miujiza. Ni dawa inayosaidia, juu ya kazi ya kawaida ya kuosha kidonda, kukata nyama iliyokufa, kupunguza sukari na kuuondolea mguu uzito. Na jaribio moja zuri halitoshi kumaliza mjadala, linatosha kusema: hapa kuna kitu, endeleeni. Hivyo ndivyo dawa ya kweli huongea. Haiongei kama tangazo.

Sasa tuje kwa chupa yako.

Ngozi imejengwa kuzuia vitu visiingie. Hiyo ndiyo kazi yake, vinginevyo tungekuwa tunavimba kama mandazi kila tukioga. Wataalamu wa ngozi wana kanuni moja ambayo hutumia kukadiria: molekuli ikizidi uzito wa dalton 500 hivi, haipenyi ngozi nzima. Vipande vya PDRN ya kidawa huwa na uzito wa kuanzia dalton 50,000 hadi 1,500,000. Mimi sina digrii, niliachana na chuo kabla ya kuvaa joho, lakini kugawanya 50,000 kwa 500 hakuhitaji joho. Kipande kidogo kabisa ni mara 100 ya kile kinachoweza kupita. Kile kikubwa ni mara 3,000. Ni kama kujaribu kuingiza matatu ya abiria 33 kwa mlango wa choo cha ploti.

Ndiyo maana Waitaliano hawakuwapaka wale wagonjwa mafuta wakawaambia waende nyumbani. Waliwadunga. Na kama ngozi imepasuka tayari, kama ilivyo kwa kidonda, hapo hadithi ni tofauti, kwa sababu mlango umebomoka. Lakini uso wako mzima, uliooshwa, usio na mkwaruzo? Seramu ya PDRN itakaa juu. Inaweza kushika maji kidogo ukahisi ngozi laini, jambo ambalo gliserini ya kawaida hufanya kwa bei ya chipsi na soseji. Wengine sasa wanauza PDRN ya mimea, ya waridi au jinseng, kwa wale wasiotaka mambo ya samaki. Ukubwa wa mlango haujabadilika.

Najua kuna mtu anasema, lakini mimi nimeitumia na nimeona tofauti. Nakuamini. Uliponunua ile seramu pia ulianza kuosha uso mara mbili kwa siku, ukaacha kutumbua chunusi, ukanunua na mafuta ya kuzuia jua kwa sababu yule binti wa video alisema. Mafuta ya jua yamefanya kazi. Seramu imechukua sifa.

Haya, tuachane na chupa. Hasara yake ni pesa, na sote tumewahi kuchomwa pesa. Kinachoninyima usingizi ni sindano.

Sindano za jamii hii zipo kihalali kwenye nchi kadhaa. Korea Kusini, kampuni ya PharmaResearch hutengeneza ile inayoitwa Rejuran, na hutumiwa na madaktari kwenye kliniki za ngozi. Majaribio ya urembo yapo, mengi yakiwa madogo, ya watu makumi, waliofuatiliwa kwa wiki au miezi michache. Yanaonyesha ngozi kuwa nyororo na mikunjo midogo kupungua kiasi. Marekani, ambako Kim anaishi, hadi mwaka wa 2025 mamlaka ya dawa, FDA, haikuwa imeidhinisha sindano yoyote ya PDRN kwa ajili ya ngozi. Umaarufu ulifika kabla ya kibali, na hiyo ni Marekani yenye wakaguzi wake wote. Sasa fikiria apatimenti ya ghorofa ya nne Roysambu, Jumapili mchana.

Maana hivyo ndivyo inavyofanyika. Unapata tangazo Instagram, unatuma sehemu ya pesa kwa M-Pesa kama "kushikilia nafasi", unatumiwa eneo asubuhi ya siku yenyewe. Anayekudunga alijifunza kwa kozi ya siku mbili, cheti kiko kwa fremu. Chupa ina maandishi ya Kikorea ambayo wewe huwezi kusoma, naye hawezi. Kioevu kisicho na rangi ndani ya kichupa kinaweza kuwa chochote. Inaweza kuwa PDRN safi. Inaweza kuwa maji ya chumvi. Inaweza kuwa PDRN iliyokaa kwa boneti ya gari wiki nzima. Kwa video zote zinafanana.

Kuna kisa ambacho ningependa kila mtu anayefikiria kudungwa sebuleni akijue. Mwaka wa 2018 huko Albuquerque, jimbo la New Mexico, maafisa wa afya walianza kuchunguza spa moja baada ya mwanamke kupatikana na virusi vya HIV bila njia nyingine yoyote ya kuelezea alivipata wapi. Alikuwa amefanyiwa ule urembo wa kutoa damu yako, kuizungusha kwa mashine, na kuirudisha usoni kwa visindano. Wachunguzi walikuta mirija ya damu isiyo na majina kwenye kaunta ya jikoni. Kwenye friji damu ilikuwa pamoja na chakula. Sindano zilizofunguliwa zilikuwa kwa droo. Spa haikuwa na leseni. Mwaka wa 2024 kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kilitoa ripoti kikiwahusisha wanawake watatu na maambukizi ya pale, ikiwa mara ya kwanza kwa virusi hivyo kuthibitishwa kupitia sindano za urembo. Mmiliki aliishia jela.

Ile haikuwa DNA ya samoni, ilikuwa damu ya mteja mwenyewe, kitu salama kuliko vyote ukikitazama kwa karatasi. Tatizo halikuwa kilichokuwa ndani ya sindano. Lilikuwa mkono ulioishika na meza ilikowekwa.

Na hata bila HIV, kuna vijidudu vya jamii ya kifua kikuu vinavyopenda maji yasiyochemshwa na vifaa visivyosafishwa vizuri. Vikiingia chini ya ngozi huleta majipu yanayohitaji antibiotiki kwa miezi. Unaenda kutafuta ngozi ya kioo, unarudi na mashimo.

Halafu kuna jambo ambalo matangazo ya Korea hayawezi kukwambia, kwa sababu hayakuandikiwa wewe. Ngozi nyeusi hujibu jeraha kwa njia yake. Ukiidunga mara hamsini kwa kikao kimoja, umeipa majeraha madogo hamsini. Kwa wengi wetu, kila uvimbe ukipona huacha doa jeusi linalokaa miezi. Kwa wengine hutokea keloidi, lile kovu linalovimba na kupita mipaka ya jeraha lenyewe, na huwapata watu weusi zaidi ya wengine. Kama ulitoboa sikio ukaota uvimbe, au mamako ana kovu la upasuaji lililotuna, hiyo ni taarifa muhimu kuliko maoni yote ya mtandaoni. Daktari wa ngozi angekuuliza kabla hajagusa sindano. Angekuuliza pia kama samaki hukuletea mzio. Huyo wa Jumapili alikuuliza kama umetuma salio.

Kuna watu wataniambia nimeanza kuwa mzee. Wacha watu wajipende, pesa ni zao. Nimelifikiria hilo, na sikubaliani na wale wanaosema vijana wa siku hizi ni wapumbavu wa urembo. Uso umekuwa CV. Ukitafuta kazi ya mapokezi, ya mauzo, ya kushika simu mbele ya kamera na kuuza nguo za mitumba mubashara saa nne usiku, uso ndio kitu cha kwanza kinachosomwa. Mtu aliyetoka sekondari na makovu ya chunusi yaliyochimba mashavu, akaitwa majina miaka minne, hatafuti anasa. Anatafuta kutoangaliwa mara mbili akiingia kwa matatu. Madaktari wa ngozi nchini ni wachache, wengi wako Nairobi, na ada ya kumwona mmoja tu ni bajeti ya wiki. Kwa hivyo naelewa kabisa mtu anavyofika Roysambu.

Lakini kuelewa mtu amefikaje kwa shimo si sababu ya kuacha shimo wazi.

Bodi ya Famasia na Sumu (PPB) ina sheria mkononi. Dawa au kifaa cha matibabu kinachouzwa nchini kinafaa kuwa kimesajiliwa. Basi bodi iseme hadharani, kwa lugha ambayo mtu wa Githurai atasoma kwa simu akiwa kwa foleni: ni bidhaa zipi za sindano za PDRN zimesajiliwa Kenya, kama zipo, na zipi hazijasajiliwa. Kama orodha ni tupu, itangazwe kuwa ni tupu. Baraza la madaktari, KMPDC, nalo linajua kufunga kliniki, tumeliona likifanya hivyo, kwa kawaida baada ya mtu kufa. Matangazo haya yako wazi, yana nambari za simu na nambari za till. Afisa mmoja mwenye bando la siku anaweza kuyapata yote kabla ya chakula cha mchana. Na Shirika la Ubora wa Bidhaa, KEBS, liulize wenye seramu wanaodai inatengeneza seli upya wathibitishe inavyopenya ngozi, au waondoe maneno hayo kwa chupa.

Ninyi mnaotangaza pia, wenzangu. Ukilipwa, sema umelipwa. Ukidungwa bure ili upige video, sema ulidungwa bure. Na usikate video kabla ya siku ya pili, ile ambayo uso huwa umefura.

Upande wa pili wa stori ndio unaoniuma zaidi, kwa sababu haupigwi video. Unajua ni samaki gani hutoa PDRN ya Waitaliano? Si samoni wa Alaska. Ni trauti mwenye madoa, yule ambaye Wazungu walimleta kwenye mito ya Mlima Kenya na Aberdare zaidi ya miaka mia moja iliyopita ili wapate kuvua kwa raha. Bado yuko. Serikali ina kituo cha kumzalisha pale Kiganjo, Nyeri. Watalii humla Nanyuki akiwa amekaangwa na siagi. Sisemi kesho uende mtoni ukakamue trauti, tafadhali. Kati ya shahawa za samaki na dawa safi ya kudunga kuna kiwanda, kuna maabara, kuna miaka ya majaribio. Ninachosema ni kwamba malighafi iko hapa, wagonjwa wako hapa, na vyuo vyenye idara za kemia, famasia na uvuvi viko hapa, na hawa watatu hawajawahi kuketi meza moja.

Wengine wamefanya kwa samaki wa kawaida kuliko huyo. Fortaleza, kaskazini mashariki mwa Brazil, madaktari wa Chuo Kikuu cha Shirikisho cha Ceará walichukua ngozi ya tilapia, ile inayotupwa wakati wa kupaa samaki, wakaisafisha, wakaua vijidudu, wakaanza kuwafunga nayo watu walioungua moto. Ina kolajeni nyingi, inashika unyevu, na haihitaji kubadilishwa kila siku kama bandeji, kwa hivyo mgonjwa hapitii ule uchungu wa kubanduliwa kila asubuhi. Hawakungoja Korea. Waliangalia kwa ndoo ya taka ya soko lao. Sisi tuna Ziwa Victoria, tuna tilapia wa kufugwa kwenye kaunti nyingi, na tuna watoto wanaoungua kwa uji na stovu za mafuta taa kila wiki.

Kabla ya hayo yote kuna mambo ya bei rahisi ambayo hayangoji DNA ya mtu. Kliniki ya miguu kwa kila hospitali ya kaunti, hata siku moja kwa wiki, na nesi aliyefunzwa kutumia ule uzi mwembamba wa plastiki wa kupima kama mgonjwa anahisi unyayo wake. Viatu vipana. Bima ya SHA ilipie kuosha kidonda mapema, isingoje kulipia msumeno. Mzazi wako kama ana sukari, angalia nyayo zake na katikati ya vidole, kila jioni, na ukung'ute kiatu chake kabla hajavaa. Huwezi kumwachia mwenyewe kazi hiyo, kwa sababu ugonjwa wenyewe umemnyang'anya kile ambacho kingempa taarifa.

Na kama bado unataka hiyo sindano ya uso, ni uso wako. Nenda na maswali manne. Uko kwa rejista ya KMPDC kwa jina gani, nikutafute sasa hivi kwa simu? Naomba nione boksi likiwa limefungwa, na nambari ya usajili ya PPB iko wapi? Sindano utaifungua mbele yangu? Nikivimba Jumatano usiku, nampigia nani?

Akikwambia unasumbua, dai pesa zako za kushikilia nafasi. Pengine hutazipata. Toka tu.